Vidole vya Baba Nilivyovikwangua

Fundi Hamisi,

Shikamoo. Nimezoea kukuamkia kabla sijakaa mezani, basi mdomo umetangulia wenyewe.

Siku ya maziko yako sisi wanawake tulikuwa uani. Tulimsikia shehe huko nje akiuliza kama yupo mwenye kinyongo na marehemu. Wanaume wakaitikia kwa pamoja, "Tumemsamehe." Wanawake wenzangu nao wakaitikia. Mimi niliinamia ungo nikaendelea kuchagua mchele. Shangazi alinifinya paja.

Nakuandikia yale niliyoshindwa kuyasema pale.

Studio bado iko wazi. Mpwa wako Jumanne ndiye anayepiga picha sasa, mimi nimebaki na penseli na wembe. Pazia lile lenye maua tumelifua, wateja wanauliza kama ni jipya. Wengine bado wanakuulizia. Mzee mmoja wa Usoke alipoambiwa umefariki alikaa kwenye benchi akalia, akasema wewe ndiye uliyempa marehemu mkewe uso wa kukumbukwa. Nilimletea maji. Nilimwonea wivu.

Maana ulikuwa fundi, hilo sikunyang'anyi. Nilikuja kwako nikiwa nimemaliza darasa la saba, nimetoka porini kwetu kupita Sikonge, sijui hata kuchonga penseli vizuri. Macho yako yalikuwa yameanza kupungua nguvu, ukamwambia Shangazi aliyenileta, "Nipe huyu, mkono wake hautetemeki." Ulinifundisha kusoma negativu, ile filamu ya kuchapia picha: aliye mweusi huonekana mweupe, nguo nyeupe huonekana giza. Ukinitaka nipunguze kovu uliniambia, "Nyamizi, uso wa mtu si ukuta. Usiupake chokaa." Kila saa nne ulinigawia nusu ya kashata yako. Nilikupenda, Fundi. Ndiyo maana inauma.

Unaijua picha ninayoisema. Wajumbe saba wa kamati ya kijiji chetu, wamesimama mbele ya ghala la tumbaku lililopakwa chokaa. Wa mwisho kulia ni baba yangu, mkono wake uko begani kwa rafiki yake, Mzee Kasanda. Wewe mwenyewe ulikwenda kuipiga, ukarudi na asali ya mizinga ya Baba. Baba hakuwahi kupigwa picha nyingine maishani mwake.

Kisha wakaja wa kuhamishia watu vijiji vya ujamaa. Baba alisema mizinga yake haipandi lori, na makaburi ya wazazi wake hayapandi lori. Wakamtoa kwenye kamati. Bwana mmoja wa ofisini akaja studio na suti yake ya Kaunda, anataka picha ile ikuzwe kwa ajili ya ukuta wa ofisi ya kijiji kipya, lakini wajumbe wawe sita.

Ulisubiri aondoke, ukaniwekea ile negativu juu ya kioo cha mwanga.

"Mkono wako ndio mwepesi," ukasema.

"Fundi, huyu ni baba."

"Namjua. Na karatasi za picha tunapewa kwa kibali chao. Wakitufungia, utarudi kulima tumbaku?"

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Sikutaka kulima tumbaku. Nikachovya brashi kwenye ile rangi nyekundu nzito, nikaanza na miguu, nikapanda. Palipopita rangi, kwenye karatasi palitoka peupe kama chokaa ya ghala. Nilimaliza na kofia. Nikakuletea nikilia, nikidhani utanionea huruma.

Uliinua negativu dirishani, ukaigeuza. "Umesahau vidole."

Vilikuwa vimebaki juu ya koti la Mzee Kasanda, vidole vinne. Hapo rangi haikufaa, koti lilikuwa jeusi. Ulinipa wembe, maana palipokwanguliwa hutoka peusi. Nikavikwangua kimoja kimoja, mpaka koti likawa koti tu. Ukasema, "Ahsante, mwanangu." Mimi nikaona fahari kidogo. Hilo sijamwambia mtu.

Mwishowe Baba alihamishwa kama wengine. Siku aliyoingia ofisi ile kuomba kiwanja aliiona picha ukutani. Alipanda baiskeli mpaka Tabora. Alifika mchana, vumbi hadi kwenye nyusi, akakusalimia kwa adabu zote, kisha akauliza, "Fundi, mimi siku ile nilisimama wapi?"

Ungeweza kumwambia ulilazimishwa. Ungeweza kusema ni kazi ya studio, ukanyamaza. Wewe uliinua kidevu, ukakielekeza kwangu. "Muulize binti yako. Ndiye aliyefanya."

Baba aliniangalia. Akasema, "Kazi nzuri. Hata mimi ningeapa sikuwepo." Nilimletea maji, hakuyapokea. Aliishi miaka miwili baada ya hapo. Nilikwenda kumwona mara tatu, na mara zote alizungumza na mama kana kwamba nilikuwa bado sijafika.

Alipokufa nilikupigia magoti. Nilitaka ile negativu, nione kama kuna la kufanya. Ukaniambia, "Waliichukua wale wa ofisini." Ulisema hivyo ukitafuna kashata.

Arobaini yako ilipopita, mkeo Bi Mwanaidi aliniita. Bado yumo edani, kwa hiyo nilimfuata chumbani. Alitoa sandukuni bahasha ya kaki. "Marehemu aliniachia neno," alisema. "Hii nikupe akishatangulia." Ndani mlikuwa na negativu yetu, na kikaratasi chenye mwandiko wako: *Rangi hutoka kwa maji.*

Ulijua, Fundi. Siku zote hizo nilipokuwa nakaa hatua tatu kutoka kwako, ulijua ni pamba na maji tu. Sijui ulinitunzia au uliniogopa. Ulingoja ufe kwanza, ili usinitazame.

Niliosha. Baba alitoka polepole: kofia, mashavu, miguu yake iliyopinda. Mkono wake umenyooka mpaka kwenye bega la Mzee Kasanda, na hapo umekatika. Kilichokwanguliwa hakioshwi. Jumanne aliniambia, "Dada, si uchore tu vidole?" Ningeweza. Ulinifundisha vizuri, hakuna ambaye angejua. Nimechapa hivyo hivyo, nimempelekea Mama. Ameitundika. Wageni wakimuuliza mkono uko wapi, huwaambia, "Muulizeni Nyamizi." Nami huwaeleza kila kitu, na jina lako nalitaja.

Lala, Fundi. Sikuombei mabaya, kaburi lako nimelipalilia kwa mikono yangu juzi, kwa kuwa nduguzo hawakuja. Msamaha sina leo, na sitaki kukudanganya mtu uliye huko.

Kuna binti wa Lusu ameletwa na mama yake ajifunze kazi. Anaanza Jumatatu. Nakuahidi nitampa yote uliyonipa, nisimfiche hata moja. Na siku atakaponiambia, "Dada, hii siwezi," nitamtoa kwenye kiti, nikae mimi.

Nyamizi