Ntate Tšeliso Phafoli: Miaka Kumi na Minne Bila Tone

Mwaka umetimia leo, Ntate, baba yetu, tangu ulipovuta pumzi ya mwisho hapa Mohale's Hoek, mkono wako ukiwa ndani ya mkono wa mama. Nyumba imepwaya. Mpaka sasa tukisikia chuma kikigongwa mtaa wa pili, mmoja wetu hugeuza kichwa.

Ulikuwa fundi wa kuchomelea. Nusu ya mageti ya mtaa huu yalitoka mikononi mwako, na kila ulipopita uliyasukuma kidogo kuona kama bado yanafunga sawasawa. Uliimba vibaya, tena kwa sauti kubwa.

Wala usingependa tulifiche lile jingine. Ulikunywa pombe miaka kumi na tisa. Siku wakwe walipokuja kuzungumzia ng'ombe wa mahari ya binti yako Nthati, kiti chako kilikuwa kitupu. Tulikukuta umelala kwenye kilabu, chini ya bendera nyeupe inayotangaza kuwa pombe ipo, kiatu kimoja mguuni. Mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Sikufukuzi, Baba Nthati. Ila kukungoja, nimechoka." Maneno hayo, ulituambia baadaye, yalikuzindua kuliko matusi ya miaka yote.

Muuguzi mmoja alikwambia kuna kikundi cha watu wanaosaidiana kuacha pombe, hukutana mji wa Mafeteng kila Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi nyuma ya kanisa. Kanisa lipi, hakujua. Ukajifunga blanketi lako zuri, vazi letu la heshima, ukaenda. Ukaona ukumbi, watu wameketi duara, ukaketi nao. Zamu yako ilipofika ukasimama. "Naitwa Tšeliso. Mimi ni mlevi, na peke yangu nimeshindwa."

Bibi mmoja akasema, "Pole, mwanangu. Lakini hiki ni chama cha kufa na kuzikana. Wewe bado mzima, tutakufanyia nini?"

Miaka ya mwisho ulikisimulia kisa hicho ukicheka mpaka machozi. Siku ile hukucheka. Ulirudi umeinamisha kichwa, ukapita kilabu bila kuingia, kwa aibu tu, ulisema, nguvu hukuwa nazo. Jumamosi ya pili, nyuma ya kanisa jingine, ukakuta mazoezi ya kwaya. Ya tatu, kwenye kanisa la tatu, mlango umefungwa.

"Walishahama hao," mfagiaji akakwambia. "Nenda shule ya chekechea, ng'ambo ya soko."

Ukaenda. Ukakuta watu watano wamekalia viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni. Mmoja alikuwa polisi mstaafu aliyewahi kukulaza mahabusu.

"Wewe!" akasema.

"Na wewe!" ukamjibu.

"Kaa basi. Hapa hakuna mwenye pingu."

Ukakaa. Tangu asubuhi hiyo tone halikugusa ulimi wako, miaka kumi na minne.

Mwaka uliofuata ukaanzisha kikundi hapa kwetu, ndani ya karakana yako. Ulisema haifai mtu anayezama aulizie njia mji wa pili. Ukapanga viti kumi, ukachemsha chai. Hakuja mtu. Jumamosi saba, hakuja mtu.

"Unamngoja nani?" mama akakuuliza.

"Mlevi."

"Mlevi gani?"

"Yeyote yule."

Mama akavuta kiti, akangoja nawe.

Jumamosi ya nane mwalimu mmoja akasimama mlangoni. (Ametupa ruhusa tuliseme hili.) "Nimekuja kuulizia geti," akasema.

"Geti la wapi, mwalimu? Nyumba yako haina hata ua."

Akaanza kulia. Ukammiminia chai, ukamwachia kiti kilicho karibu na mlango ili asijione amefungiwa. Kutoka kwake wakaja wengine: mwashi, mke wa mchungaji, dereva wa lori aliyeegesha mbali ili lori lake lisimtaje. Uliwapokea wote sawa. Walioanguka ulikwenda kuwabishia hodi mwenyewe, na hukuwahi kumuuliza mtu "kwa nini."

Siku ya mazishi yako hatukupika pombe. Tuligawa uji mchachu wa mtama na chai. Mdogo wako Sekhobe akafoka mbele ya watu, "Msiba gani huu mkavu?" Nthati akamjibu taratibu, "Wa kaka yako, baba mdogo."

Kaburini wanakikundi wakasimama, kila mmoja akitaja muda wake bila pombe. "Miaka tisa." "Miezi minne." "Miaka kumi na miwili," akasema mwalimu. Tulihesabu watu thelathini na mmoja. Wa mwisho hatukumjua, macho mekundu, suruali imejaa tope. "Mimi," akasema, "leo."

Jumamosi ijayo anatimiza mwaka, Ntate. Yeye ndiye anayefungua karakana siku hizi na kupanga viti. Kumi havitoshi tena.

Unakumbukwa na mkeo, Mama Nthati, binti yako Nthati na mumewe Motlatsi, mwanao Khotso, wajukuu zako Kananelo na Reitumetse, ndugu wote wa ukoo wa Phafoli, na mdogo wako Sekhobe, aliyetuagiza tuandike hapa kwa herufi zinazosomeka kwamba leo ana miezi mitano.

Umo ndani yetu, Ntate, siku zote za maisha yetu.