Hijabu za Kuonyesha Maafisa

Masimba, Jumatano

Dada Ayan,

Assalamu aleikum. Sisi wazima, ila mvua imemtia mama mkwe kikohozi na duka limejaa matope. Shuka ulizotuma zilifika.

Uliniuliza Kinsi anaendeleaje na shule. Haendelei! Tangu mwalimu mkuu amfukuze kwa kuvaa hijabu, yuko nami hapa dukani anapima sukari. Tulilalamika, serikali ikaisimamishia shule pesa. Sasa wazazi wenzangu wananinunia sokoni, eti watoto wao wanakosa chakula cha mchana kwa sababu ya kitambaa cha mwanangu.

Kesho maafisa wanakuja kuangalia kama shule imejirekebisha. Unadhani mwalimu mkuu amekuja kumwita Kinsi? Wapi! Amempa fundi kazi ya kushona hijabu, akachagua wasichana wa Kisabato wazivae wajifanye Waislamu, ili pesa zirudishwe. Watu hawa wamenichosha, Ayan.

Jioni hii Sharon, binti wa mzee wa kanisa, alikuja na hijabu aliyopewa mkononi. "Mama Kinsi, nisaidie, inanitoka kichwani." Nilikuwa karibu kumfukuza. Kinsi akaacha mizani, akamfunga vizuri, akaibana kwa pini yake mwenyewe.

Sharon alipoondoka nikafoka: "Mbona unawasaidia?"

"Mama," akasema, "angalau pini yangu iingie darasani."

Kesho sifungui duka. Nampeleka Kinsi shuleni mwenyewe, maafisa wakiwepo. Niombee nisitukane mtu.

Mdogo wako,
Janat