Fundi Rashidi, kindoo changu nimekipata

Kaka yangu Fundi Rashidi,

Ulipokuwa hai ulinikatalia shikamoo. Kila nikikuamkia unasema, "Aa, Mama Deo, mimi na wewe umri mmoja, na Mngoni akimwamkia Myao ujue kuna kitu anataka." Sasa umenitangulia, huwezi kunikatalia tena. Shikamoo.

Nakuandikia kwenye karatasi za daftari. Niliishia darasa la nne, mwandiko utauvumilia kama ulivyonivumilia mwenyewe.

Nianze na lile kubwa. Gari la Deo linatembea. Na mimi nimelipanda, Fundi. Mimi huyuhuyu niliyeapa mbele yako kwamba kile kibati chenye milango miwili sitakigusa mpaka nazikwa. Nimekaa kiti cha mbele kutoka Songea mpaka Tunduru, na kurudi. Niko hai. Deo yuko hai. Nakushukuru, na barua yote hii ni hiyo tu, ila ngoja niieleze vizuri, maana kuna mengine sikuyajua ulipokuwepo.

Unakumbuka siku lilipofika? Deo alikuwa amelisubiri tangu lilipopakiwa melini huko Japani. Alilinunua kwa kuliangalia kwenye simu, picha kumi na mbili, kila picha linang'aa kama sahani. Mwanangu ni fundi umeme, anapanda juu ya mapaa ya watu tangu amalize chuo, hanywi, hachezi kamari, akiba yake yote ikaenda humo. Bandarini wakamtoza na kodi ya uchakavu, kwa sababu gari lina miaka mitatu zaidi yake yeye mwenyewe. Nikamwambia, mwanangu, umenunua kaka yako mkubwa. Akacheka. Akaliendesha peke yake kutoka Dar, na mimi siku nzima rozari haikutoka mkononi. Lilipoingia Bombambili lilikuwa linalia huko chini kama mtu anaburuta sufuria. Watoto wa mtaa mzima wakatoka. Taa zake zilikuwa zimejificha ndani ya boneti, Deo akaziamuru zikafumbuka, watoto wakapiga kelele, na mimi nikaingia ndani nikalia.

Kesho yake akalileta kwako gereji, Msamala. Ukalala chini yake muda mrefu, ukatoka. Kisha ukasema, "Picha hazikupigwa tumboni." Ukatueleza kwamba huko lilikotoka barafu ikianguka wanamwaga chumvi barabarani, na chumvi imekula chuma.

Deo alikusikia kama fundi. Mimi nilikusikia kama mama. Na ndiyo maana Jumamosi ile, nikitoka sokoni, nikakuletea kile kindoo changu cha bluu, kimejaa dagaa wa Nyasa wakavu, wale wadogo wasio na mchanga, nikakuomba jambo ambalo mpaka juzi hakulijua mtu mwingine. Hata kwa padri sikuliungama, kwa sababu sikuona kama ni dhambi. Nilikuomba umcheleweshe. Nilikuambia, Fundi, gari lisipone. Kila akija mwambie spea haijafika. Mwambie mpaka achoke, aliuze, anunue kitu cha kutembea polepole kama watu wengine.

Ulinitazama. Ukafuta mikono. Ukaniuliza, "Na huku akisubiri, anakwenda kazini na nini?" Nikasema bodaboda. Ukasema, "Haya. Unamtoa kwenye gari unampandisha bodaboda." Nikakasirika, nikakuambia Myao huna adabu. Lakini dagaa ulipokea.

Ikawa kila Jumamosi. Deo akija jioni unamwambia spea bado, na kwa kweli nyingine zilikuwa bado, maana gari lile hata Dar spea zake zinatafutwa kama dawa. Mimi nikija asubuhi nakukuta na benchi lako la mbao. Kile kindoo cha kwanza hukunirudishia. Nikakuletea wengine kwenye mfuko. Nikakudai kindoo changu, ukasema, "Kipo kazini." Wiki inayofuata nakudai tena. "Kipo kazini, Mama Deo, kikimaliza zamu kitarudi." Nikaenda nikiwaambia wenzangu sokoni kwamba kuna fundi Msamala anakula dagaa mpaka na chombo.

Halafu siku ile ya bima. Hiyo siisahau. Deo alitaka akate bima kabisa ili siku gari likipona atoke nalo bila wasiwasi. Alitaka bima kubwa. Wakaja kulikagua, wakapiga picha, wakakataa. Wakasema limezeeka, watampa bima ndogo tu. Mimi nikafurahi, nikaja kwako mbio, nikakuambia hata wenye bima wamelikataa! Kisha nikakaa kwenye benchi, furaha ikaisha. Nikakuuliza hiyo bima ndogo inafanya nini. Ukaniambia, "Inamlipa mtu ambaye Deo atamgonga." Nikakuuliza, na Deo mwenyewe nani anamlipa? Ulikuwa umeshika mpira fulani mweusi, unaukunja. Ukasema, "Huyo tumkatie bima mimi na wewe."

Nikadhani una maana ile niliyokuja nayo. Kwamba tuendelee kumdanganya. Nikaondoka nimetulia, nikasema kweli huyu ni ndugu yangu.

Miezi saba, Fundi.

Kisha wewe ukaugua Jumatatu, Alhamisi hupo. Tulipopata habari walikuwa wameshakuondoa kwenda kukuzika nyumbani kwenu Namasakata, huko Tunduru, kama dini yenu inavyotaka, mtu hasubirishwi. Sikukuona. Niliumia, na nikwambie ukweli kwa sababu sasa huwezi kunicheka: katikati ya maumivu kulikuwa na kimoyo kinasema, sasa gari halitapona tena. Nisamehe.

Nikaenda Msamala kumpa pole wifi Zainabu. Yupo ndani, anakaa eda, amepungua lakini anakula. Tukalia. Tulipomaliza akainuka akaenda chumbani, akarudi ameinama, anabeba kitu kizito. Kindoo changu cha bluu. Na mfuniko wake. Akaniambia, "Wifi, gari lilikuwa tayari. Alipanga Jumamosi hii akukabidhi wewe, sio Deo. Alisema funguo apewe Mama Deo, na kabla ya funguo aone hiki."

Nikafungua.

Fundi, wewe unajua nilichokiona, lakini acha nikisimulie, maana nilikaa nacho magotini muda mrefu. Fundi mwaminifu akibadilisha kifaa anakurudishia cha zamani ukione. Hilo kila mtu Songea analijua. Mimi sikufikiri kwamba kuna kitu ulikuwa unabadilisha. Wifi akawa anatoa kimoja kimoja, ananieleza kama ulivyomweleza wewe. Mipira minne, ile inayopitisha mafuta ya breki. Mmoja niliukunja kidogo tu, ukapasuka mkononi kama ganda la karanga. Pedi za breki, chuma kimebaki na ngozi nyembamba kama hostia. Mkanda wa injini una nyufa. Kipande cha chuma cha chini ya kiti cha dereva, kimetobolewa na kutu, kidole changu kikapita upande wa pili. Pale ndipo mwanangu alikuwa amekaa kutoka Dar mpaka Songea.

Kumbe nilikuomba ulale, wewe ukafanya kazi. Kila Jumamosi niliyodhani tunamdanganya Deo pamoja, ulikuwa unatoa kifo kimoja kwenye lile gari na kukiweka ndani ya kindoo changu.

Wifi akanipa funguo. Nikazifunga kwenye pindo la kitenge nikarudi nyumbani. Nakwambia ukweli wote: nilikaa nazo siku tisa. Deo anaingia, anatoka, ngazi begani, anapanda bodaboda, na mimi funguo zinanigonga kiunoni. Siku ya kumi mvua ilinyesha, akarudi amechubuka mkono mzima, wameteleza na bodaboda pale kwenye mteremko. Akasema si kitu mama. Nikakuona wewe unafuta mikono. Nikafungua pindo, nikamwekea funguo mezani. Nikamwambia, fundi wako alilimaliza. Lile la kumchelewesha sikulisema. Nilishindwa.

Arobaini yako ilipokaribia, wifi akaniita. Hawezi kutoka, eda haijaisha. Akaniambia, "Nenda ukamwone mama yake kwa niaba yangu." Deo akasema tutakwenda na gari. Nikatafuta sababu, nikazikosa.

Ukiwasha lile gari kuna dada wa Kijapani anaongea. Ulimsikia? Maneno machache, kwa heshima, halafu ananyamaza. Deo anasema hajui anachosema, anadhani anaomba kadi fulani ya huko kwao. Mimi nilimjibu, asante dada, nimesikia. Deo akacheka, na mimi nikashika mlango kwa mikono miwili. Kiti kipo chini mno, nilijiona nimekaa barabarani kwa makalio. Tukapita Namtumbo. Nikaanza kupumua.

Mbele ya Namtumbo kuna mteremko, na chini yake mbuzi watatu wakaingia barabarani, wakasimama kutuangalia. Nikakaza mikono mlangoni. Deo akakanyaga breki. Gari likainama mbele, likashika njia, halikuyumba kushoto wala kulia, likasimama kabisa. Mbuzi mmoja alikuwa karibu kiasi cha kumwona kope. Akaondoka zake polepole, kama hakuna kilichotokea.

Hapo ndipo nilipomwambia Deo. Yote. Dagaa, uongo, kindoo. Nilikuwa nalia na kucheka, sijui alinielewaje. Akaegesha pembeni. Akasema, "Miezi saba, mama. Miezi saba nimepanda bodaboda na ngazi begani, mvua yote ile." Basi. Akawasha gari. Tukaenda mpaka Tunduru hatusemeshani, na mimi nikaona ujinga wangu wote umekaa katikati yetu kama abiria wa tatu.

Njia ya kwenu ya vumbi gari hatukulipitisha, lingeburuza tumbo. Tuliliacha kwa mwenye duka pembeni ya lami, tukaenda kwa miguu. Mama yako yupo, ana nguvu, anakuita kwa jina la utotoni ambalo sitaliandika hapa, usije ukaona aibu. Nikampa salamu za wifi. Waliposoma dua nilikaa kimya na kina mama, nikakuombea kwa namna yangu, naamini zimefika zote mbili. Baadaye nikafanya utani wangu, maana ulinidai, msiba wa Myao bila utani wa Mngoni haujaisha. Nikakalia jamvi la kina bibi, nikasema sitoki hapa mpaka mnipe fundi mwingine, huyu Myao wenu amekula dagaa wangu miezi saba akakimbia bila kuaga. Wakacheka sana, mama yako akacheka mpaka akajifuta macho kwa ukaya wake wa kichwani. Kisha tukalia wote.

Deo alikwenda kaburini na wanaume. Walirudi, yeye hakurudi nao. Alikaa huko peke yake muda. Sijui alikuambia nini, na sitakuuliza. Alipokuja macho yalikuwa mekundu. Tukatembea mpaka kwenye gari. Nikaingia, nikashika mlango. Akaniambia, "Mama, funga mkanda." Sauti ilikuwa ile yake ya siku zote. Tulipofika Namtumbo akasema, "Kumbe ndiyo maana nyumbani dagaa walikuwa wanaisha." Ndipo nikajua amenisamehe.

Fundi, nakushukuru. Ungeweza kula dagaa na kulala, nami ningekusifu hivyohivyo. Ungeweza pia kunifukuza, mwanamke mjinga anayetaka gari la mwanawe lisipone. Hukunifukuza na hukunitii.

Nakuahidi mambo yangu madogo. Sitamwomba tena mtu yeyote amdanganye mwanangu kwa jina la kumpenda. Kila bima ndogo ikiisha, kabla ya nyingine kukatwa, gari litarudi palepale kwenye gereji yako, linyanyuliwe, matairi yavuliwe, na mimi nitakaa kwenye benchi mpaka nione kila kilichotolewa. Wale vijana uliowafundisha wameshaniambia karibu. Na wifi Zainabu hatakosa dagaa, wale wadogo wasio na mchanga. Nampelekea kila Jumamosi, kwenye mfuko.

Kile kindoo nilikiosha kwa sabuni mara nne, harufu ya grisi haitoki. Nimeacha kukiosha. Vile vyuma nimevirudisha ndani, nimekiweka karibu na mlango, pale ambapo Deo anachukulia funguo asubuhi.

Lala salama, kaka yangu. Usinidai kindoo. Kipo kazini.

Dada yako, mtani wako,
Mama Deo
Bombambili, Songea