Mireille, Tafuta Kwanza Kitendo

Mireille, mutoto wa dada yangu,

Hapa Likasi mtu akitaka Kiingereza anatafuta mjomba wako. Hata mapadri wananisalimia kwanza. Mama yako ni muzima, na nyumba haivuji tena.

Ila barua yako imenitia wasiwasi. Unasema huko Ndola, Jumatatu, mwalimu atakusimamisha uonyeshe kitendo, lile neno la kutenda, katika sentensi ya Kiingereza, na ukishindwa utarudishwa darasa la chini. Unauliza utakijuaje.

Sikia. Ujanani nilikuwa mkalimani kule Kakontwe, kwenye kazi ya mawe. Siku moja fundi wa Zambia alikuja mbio, akasema, "The driver sleeps under the lorry."

Kapita wetu, msimamizi wa kazi, akaniuliza, "Weye mujuaji, anasema nini?"

Nilijua driver ni shofere, lorry ni kamyo. Lile sleeps sikulijua, na watu wote walinitazama. Nikajibu, "Anasifu shofere na kamyo yetu." Kapita akafurahi, akapanda kamyo mwenyewe, akaiwasha.

Majina yalisema nani na nini tu, mutoto wangu. Kitendo ndicho kilichosema yule shofere anafanya nini, kwamba analala, na maisha yake yalikuwa katika neno hilo. Usipokiona, mwambie mwalimu arudie, hata wenzako wakicheka.

Naogopa utajifanya unajua kama yule mkalimani, kwa hiyo nikuambie ukweli. Hakuwa miye. Miye nilikuwa yule shofere chini ya kamyo, na nilitoka nikitambaa, nikimuita mama yangu mbele ya watu wote wa kazi.

Mjomba wako