Uliyokuwa Ukiuambia Ukoka

Mpendwa Tata, baba mkwe wangu,

Hivi ulikuwa unaongea na ukoka kweli, au ulikuwa unaongea na mimi? Tangu tukuzike, swali hili halinitoki.

Mila yetu haitaki mkamwana na baba mkwe wazoeane. Basi mimi jikoni, wewe nje na fyekeo lako, dirisha katikati. Mtaa wetu mzima wa Hamugembe ulikucheka: mtu mzima anapanda nyasi mbele ya nyumba badala ya kuzitandaza kwenye migomba! Wewe huna habari, unainama, unauambia ukoka: "Kiangazi usikubali kunyolewa kipara, jua litakuunguza mizizi." Kesho yake: "Maji ya kunyunyiziwa kila jioni yanakudanganya tu. Unywe alfajiri, ushibe, yafike chini." Sauti kubwa vile, kwa nyasi? Na siku nilipothubutu kusema dirishani, "Ukoka, mwambie mzee chai inapoa," ulicheka mpaka ukakohoa. Halafu ukasema, "Ukoka, mwambie aliyepika asante." Jamani, nilikupenda siku ile.

Sasa kiangazi cha mwaka huu kimezidi. Ukoka wako umekuwa rangi ya chapati. Jana mwanao alisema ukoka umekufa, tupange vitofali vya saruji, na fundi aje leo. Tukagombana mpaka tukaacha kusemeshana. Niliumia, Tata. Pale ndipo mahali pekee tulipowahi kuongea mimi na wewe.

Usiku nikakumbuka neno lako jingine: "Ukikauka, watakuvuta. Usipong'oka, uko hai." Leo asubuhi nimetoka, nikainama, nikavuta. Wapi! Nikavuta kwa mikono miwili, nikaanguka chali mimi, wenyewe umebaki pale pale. Nikaufunua: shinani kuna kijani, kidogo lakini kipo.

Mume wangu alikuwa barazani na simu yake, ananitazama. Sikutaka kuwa wa kwanza kumsemesha. Nikauambia ukoka, kwa sauti: "Ukoka, mwambie huyo bwana uko hai."

Sikugeuka nyuma. Nikadhani ameingia ndani.

"Ukoka," nikamsikia, "mwambie mke wangu nampigia fundi asije."

Nilishtuka, Tata. Sauti ilikuwa yako kabisa. Kumbe miaka yote ile na yeye alikuwa anasikiliza? Alikuwa kwenye dirisha gani?

Pumzika, waitu, mzee wetu. Kesho alfajiri namwagilia. Kama una jibu, uuambie ukoka, tutakuwepo wawili.

Mkamwana wako wa dirishani