Beringi ya Upande wa Kushoto

Kwako Kaka,

Pokea salamu zangu, na umfikishie wifi pamoja na wanao, hasa yule mdogo mliyeandika kwamba kikohozi kinamsumbua. Natumaini kifua kimemwachia. Sisi huku tunakula, tunalala, tunaamka. Baba ni mzima wa mwili, ila maneno yamempungua. Mimi nami ni mzima, kwa namna utakayoielewa ukiisoma barua hii hadi mwisho. Nimeshika simu mara tatu nikupigie, nikairudisha mezani. Mambo mengine ukitaka kuyasema mdomo unayakimbia. Kwenye karatasi hayana pa kukimbilia.

Barua yako tuliipata. Baba alinitaka nimsomee, nami nikamsomea neno kwa neno. Uliandika kwamba mzee amechoka, kwamba mtu anayesahau kufunga pini ya gurudumu asishike tena spana, na kwamba lile trela la boti tuliuze kama chuma chakavu, karakana tuifunge. Nilipomaliza alisema, "Kaka yako kasema kweli." Akainuka, akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu.

Sasa ngoja nikueleze mambo yalivyokuwa, maana wewe ulisimuliwa na watu.

Trela lenyewe unalijua. Limenizidi umri. Ekseli yake Baba ameichomelea mara mbili, springi si zake, taa moja ni ya pikipiki. Lakini halijawahi kumwaibisha mtu njiani, kwa sababu kila mwaka habu za magurudumu, vile vikombe vya katikati vinamokaa beringi, zilifunguliwa zikatazamwa. Tangu macho ya Baba yaingie ukungu, kazi hiyo ikawa yangu. Napiga jeki, nazungusha gurudumu kwa mkono mmoja na mwingine nimeshika springi, maana beringi mbovu mkono huisikia kabla ya sikio. Nafungua kifuniko, natoa pini na nati, natoa beringi ya nje, nang'oa sili ya kuzuia maji, natoa beringi ya ndani, naziosha kwa mafuta ya taa mpaka zing'ae. Kisha naweka grisi kiganjani na kuisukumiza katikati ya vile vyuma vidogo mpaka itokeze upande wa pili. Kazi ya kurudisha nati na pini ni ya Baba. Hiyo hajawahi kuniachia, hata alipokuwa haoni vizuri. Aliipapasa, akaikunja pini kwa koleo, akasema sasa trela lina mwenyewe. Mchumba niliyekuwa naye aliwahi kuniambia nanuka kama gari. Nikamwambia basi achague, apande au ashuke. Akashuka.

Na wewe Kaka hujawahi kufungua hata kifuniko. Si tusi, ni habari. Kila likizo ulikuja na wenzako wa kazini, mkaenda ziwani kwa mwendo wa watu wanaofukuzwa, na mlipofika mkalisukuma trela majini habu zikiwa bado za moto. Nilikwambia mpaka nikachoka. Habu ya moto ikikutana na maji ya baridi huyavuta ndani. Ngojeni ipoe, hata kwa muda wa kunywa chai. Mlicheka.

Mwaka jana nilikuwa chini ya trela nafunga waya wa taa, hukuniona. Mwenzako mmoja akakuuliza nani anayelitunza zee hili mpaka leo linatembea. Ukamjibu kuwa ni wewe, kwamba kila mwaka unafunga safari kuja kulipaka grisi kwa mkono wako. Akauliza, na yule dada je? Ukasema, "Huyo hutusaidia kuosha." Baba alikuwa amesimama pale pale. Hakukukanusha. Alicheka kidogo, kicheko cha mzee anayejivunia mwanawe wa kiume. Maneno yako yaliniuma, lakini kile kicheko ndicho nilichoenda nacho kulala mwaka mzima.

Mwaka huu ukatuma habari kwamba unakuja na bosi wako. Baba akanihimiza niwahi habu. Nikazifungua, nikazifunga, nikamwita, naye akaweka nati na pini zake. Siku mbili kabla ya siku yenyewe ukaandika kwamba bosi ameghairi, hamji tena.

Baba akasema boti isikae bure. Macho yake yalikuwa yametibiwa, na hakuwa ameendesha gari kwa miaka mitatu. Asubuhi ile alivaa kofia yake, akamwita rafiki yake Fundi Rangi, wakaunganisha trela kwenye pikapu wakibishana kama vijana. Kabla ya kuondoka akatoa kichwa dirishani akaniuliza, "Habu ziko sawa?" Nikamjibu ziko sawa.

Kwenye mteremko wa soko Baba aliona gurudumu likimpita ubavuni, linakimbia peke yake. Fundi Rangi anasema Baba alicheka, akamwambia, "Tazama, kuna mjinga kapoteza gurudumu." Ndipo ekseli ilipoanza kulima lami. Trela likalala, na boti, ile aliyoiunda mwenyewe mwaka aliomwoa Mama, ikapasuka kuanzia mbele hadi katikati. Gurudumu halikusimama. Lilipanda kibaraza, likamkuta fundi cherehani ameketi kwenye mashine yake, likamvunja mguu wa kulia. Ule wa kukanyagia.

Waliokagua walikuta ncha ya ekseli tupu, haina nati wala pini. Wakasema mzee alisahau pini. Baba hakubisha. Tangu siku hiyo, kila alasiri huenda kibarazani kwa fundi cherehani, akaketi kwenye kigoda, akamzungushia mashine kwa mkono huku mwenzake, mguu umenyooshwa juu ya kiti, akiongoza kitambaa. Kabla hajaanza humwomba radhi. Kila siku, upya, kama vile ya jana haikutosha. Mimi niliwapelekea chai.

Kaka, pini Baba aliifunga.

Nilipoifungua habu ya kushoto, grisi ilitoka nyeupe kama chai ya maziwa. Ni yale maji yenu ya mwaka jana. Beringi ya ndani ilikuwa imeliwa na kutu, ina vidonda kama vya ndui. Mpya ilikuwa rafuni, ndani ya boksi lake, hatua nne kutoka nilipochuchumaa. Niliitazama. Kisha nikairudisha ile mbovu, nikaifunika kwa grisi safi ili Baba asiione, nikamwita. Sikupitiwa. Nilitaka gurudumu likusumbue wewe, njiani, mbele ya bosi wako, kisha umweleze ni nani anayelitunza trela. Nilidhani litanguruma, litatoa moshi, utasimama kando ya barabara na suruali yako iliyopigwa pasi. Sikuwaza kwamba beringi ikikwama huikata pini, na nati ikafuata. Sikuwaza mguu wa mtu. Mlipoghairi sikwenda kuifungua tena. Nilijiambia nitafanya kesho. Na Baba aliponiuliza pale dirishani, ukweli ulinifika ulimini, lakini ungetoka pamoja na uongo wangu wa wiki nzima. Nikaumeza wote.

Barua yako ndiyo iliyonitapisha. Jana asubuhi nilimweleza Baba. Hakupaza sauti. Aliniuliza grisi ilikuwa ya rangi gani, nikamwambia. "Basi pini niliifunga," akasema. Akarudia, "Niliifunga," akiitazama mikono yake, na niliona furaha inampitia usoni, furaha ndogo yenye aibu. Kisha ikamtoka. Akanyoosha mkono nimpe funguo za karakana. Akasema niende kwa fundi cherehani nikayaseme kwa kinywa changu, na kwamba yeye hatanisindikiza.

Nilikwenda. Fundi cherehani alinisikiliza sindano ikiwa katikati ya midomo. Nilipomaliza akaitoa, akasema, "Baba yako kaniomba radhi siku arobaini hapa. Na wewe ulikuwa unatuletea chai." Akanipungia mkono nisogee, namzibia mwanga.

Sikuandikii ili unisamehe, wala mimi sijakusamehe. Nimekuandikia ili uiondoe ile barua yako moyoni mwa Baba, kwa kuwa ni uongo, na safari hii si wewe uliyeutunga. Jumatatu nahamia upande wa pili wa mji, kwenye karakana ya matrekta, wamenipokea. Baba hajanifukuza, lakini jana alijipakulia chakula mwenyewe. Trela anakataa kuliuza. Amelipandisha juu ya magogo, anataka kulifunga upya. Anahitaji mtu wa kumshikia jeki. Nilimtajia jina lako, akaokota spana akaanza kuifuta. Sijui ni ndiyo au ni hapana. Njoo ujionee.

Nisalimie wifi kwa heshima zote. Watoto wasiambiwe habari hizi mpaka wawe na akili za kuzibeba. Nawatakia afya, na kazi zenu ziwanyookee.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja.