Makayabo mu mufuko ya nguo ya korali

Baba Phébé,

Bukari na majani ya sombe biko ku meza, bila munyo, hata chumvi kidogo hapana. Dawa iko pembeni ya kopo. Munganga aliondoa kidonge ya mangaribi juu tension yako ya damu ilishuka, lakini ya asubuhi unywe kila siku. Usijifanye munganga.

Leo njo zamu yetu bamama ya kanisa kufula manguo ya korali. Ulisahau, eh? Mu mufuko ya nguo yako ya kuimbia nimekuta kipande ya makayabo, ile samaki ya munyo yenye bamekukataza, imefungwa muzuri mu karatasi. Baba muzima!

~~Nimeitupia mbwa.~~

Hapana, nilishindwa kuitupa. Na hasira yangu haiko juu ya munyo. Tangu bakukataze, minyi pia nakula bila munyo, na minyi sina tension. Halafu weye unaenda kula peke yako.

Nimeiloweka mu sufuria, munyo itoke. Ubadilishe maji saa sita, na tena mbele jua izame. Tutaonja kidogo tu, bote bawili. Usiiguse mbele nirudi. Minyi pia naiota mu usingizi.

Mama Phébé